Vijana wa Kituruki na mapinduzi ya 1908: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi wetu tuliosoma habari za Uturuki shuleni tulizikuta zinaanza na Atatürk, kana kwamba kabla yake palikuwa na masultani na kiza tu. Kumbe kwa karibu miaka 60 kabla ya jamhuri kulikuwa na watu waliotupwa gerezani, waliokimbilia Paris na Cairo, waliochapa magazeti ya siri na, mwishowe, waliouana wao kwa wao. Haya ni maswali yanayorudi kila mazungumzo hayo yanapoanza.

Hao "Vijana wa Kituruki" walikuwa nani hasa?

Jina ni la Kifaransa, nalo likarudi kwa Waturuki wenyewe likiwa limepinda kidogo: Jön Türk. Lilikuwa jina la jumla la kila aliyempinga Sultani Abdülhamid II wa dola ya Uthmaniya, iliyotawaliwa kutoka Istanbul, awe ofisa wa jeshi, mwandishi, daktari au mwana wa ukoo wa kifalme. Ndani ya kundi hilo pana, chama kilichokuja kushika usukani kiliitwa İttihat ve Terakki, yaani Umoja na Maendeleo. Hapa nitakiita Kamati, kama walivyokiita watu wa wakati wake.

Mbegu yake ilipandwa mwaka 1889 katika Chuo cha Udaktari cha Jeshi mjini Istanbul. Wanafunzi wanne walikubaliana kuunda chama cha siri: İbrahim Temo, İshak Sükuti, Abdullah Cevdet na Mehmed Reşid. Yashike majina haya manne, maana tutarudi kwao.

Walikuwa Waturuki kweli?

Hapana, na hili huwashangaza watu. Temo alikuwa Mualbania. Sükuti na Cevdet walikuwa Wakurdi. Reşid alikuwa Mcherkesi kutoka Kaukazi. Hawakuwa wanapigania taifa la Waturuki. Walikuwa wanapigania dola ya Uthmaniya isife, kwa sababu walijua ikifa hawatakuwa na pa kusimama. Ukilisahau hili, kila walichofanya baadaye kitaonekana wazimu mtupu.

Dola ilikuwa mgonjwa kiasi gani?

Mwaka 1875 hazina ilishindwa kulipa riba ya madeni yake. Mwaka 1878, baada ya kupigwa na Urusi, ilipoteza Serbia, Romania na Montenegro. Bulgaria ikabaki yake kwa jina tu, Austria ikaikalia Bosnia, Uingereza ikachukua Cyprus. Ufaransa ikaingia Tunisia mwaka 1881, Uingereza ikaingia Misri mwaka 1882.

Lakini kidonda kilichouma kila siku kilikuwa Idara ya Madeni ya Umma, iliyoanzishwa mwaka 1881. Iliendeshwa na wawakilishi wa wadai wa Ulaya, na ilikusanya yenyewe mapato ya chumvi, tumbaku, stempu, pombe, samaki na hariri. Mkulima wa Anatolia aliyenunua chumvi alikuwa anamlipa mdai wa Paris bila kumjua. Na huku nyumbani, maofisa wa jeshi walikaa miezi bila mshahara.

Upinzani ulianza na wanafunzi hao wa 1889?

Ulikuwapo kabla yao. Mwaka 1865 kundi la waandishi na makarani wa serikali, wakiwemo Namık Kemal na Ziya, lilianza kudai bunge na katiba. Historia inawaita Wauthmaniya Vijana. Mwaka 1868, wakiwa uhamishoni London, walichapa gazeti lililoitwa Hürriyet. Hoja yao haikuwa ya kuiga Ulaya kichwa kichwa. Walisema Uislamu wenyewe unaamuru mashauriano, kwa hiyo bunge ni haki ya Waislamu iliyosahauliwa. Mwaka 1873 mchezo wa kuigiza wa Namık Kemal kuhusu mapenzi ya nchi uliwasha moto ukumbini, watu wakatoka wanapiga kelele barabarani. Serikali ikamfungasha hadi Cyprus.

Kisha ukaja mwaka 1876, mwaka wa masultani watatu. Abdülaziz akaondolewa, Murad V akakaa miezi michache akaondolewa kwa sababu ya afya ya akili, na Abdülhamid II akapewa kiti baada ya kumwahidi waziri Midhat Pasha kwamba atatoa katiba. Akaitoa kweli, tarehe 23 Desemba 1876. Bunge likakutana Machi 1877. Februari 1878, vita na Urusi ikiwa kisingizio, akalifunga, na halikukutana tena kwa miaka 30. Midhat alihamishiwa Taif, Arabuni, akanyongwa gerezani mwaka 1884.

Jambo moja la kuangalia kwa makini: Abdülhamid hakuifuta katiba. Aliiacha ipo kwenye karatasi. Ndiyo maana wapinzani wa 1908 hawakuhitaji kudai kitu kipya. Walidai tu mtu atimize ahadi.

Abdülhamid alikuwa dhalimu au mtetezi wa Waislamu?

Swali hili huzua ugomvi misikitini na vyuoni, na jibu langu huwaudhi wote: alikuwa yote mawili. Alijenga shule nyingi, zikiwemo zile zilizowalea maadui zake. Alianzisha reli ya Hijaz mwaka 1900, iliyofika Madina mwaka 1908, kwa michango ya Waislamu wa nchi mbalimbali. Alitumia cheo cha ukhalifa kuwatia hofu Waingereza na Wafaransa waliotawala mamilioni ya Waislamu.

Na huyohuyo alijifungia katika kasri la Yıldız akiongozwa na hofu. Wapelelezi wake walikuwa kila mahali, na taarifa zao, zilizoitwa jurnal, zilimwagika kasrini kwa mafungu. Mtu aliweza kumchongea jirani kwa sababu ya mke au shamba, na jirani akaamkia uhamishoni, jangwa la Fezzan huko Libya. Miaka ya 1894 hadi 1896 Waarmenia kwa maelfu mengi waliuawa katika majimbo ya mashariki na Istanbul yenyewe. Anayemsifu bila kuyataja haya anasimulia nusu ya kisa.

Magazeti ya upinzani yaliingiaje nchini?

Kwa posta. Mataifa ya Ulaya yalikuwa na haki maalumu ndani ya dola, mojawapo ikiwa kuendesha posta zao wenyewe mjini Istanbul, Salonica, İzmir na kwingineko, na polisi wa sultani hawakuruhusiwa kuzikagua. Gazeti la Meşveret, lililoanzishwa Paris mwaka 1895 na Ahmed Rıza, lilipita humo likiwa ndani ya bahasha za kawaida. Yaani fedheha ileile iliyowachoma wapinzani, ya mgeni kuwa na dola ndani ya dola, ndiyo iliyowabebea barua.

Kwa nini walioko uhamishoni hawakuelewana?

Kwa sababu walikuwa uhamishoni, ningejibu kwa mzaha. Yeyote aliyeona vyama vya wakimbizi anajua. Lakini kulikuwa na tofauti ya kweli. Mwaka 1899 shemeji ya sultani alitoroka kwenda Ulaya pamoja na wanawe wawili, na mmoja wao, Sabahaddin, akawa kiongozi. Katika mkutano wa Paris wa Februari 1902 alitaka majimbo yapewe madaraka, na hakuona ubaya wa kuomba msaada wa mataifa makubwa kumwondoa sultani. Ahmed Rıza, aliyeamini sayansi na utaratibu kuliko kitu kingine, alisema mgeni akialikwa hatoki. Waarmenia wengi waliokuwa mkutanoni walikuwa upande wa Sabahaddin. Chama kikapasuka.

Kwa miaka kadhaa hakuna kilichoendelea ila wino. Kilichobadilisha mambo ni habari za nje. Mwaka 1905 Japani iliishinda Urusi, na watu wakasema: nchi ya Asia yenye katiba imeipiga nchi ya Ulaya isiyo nayo. Mwaka uleule Urusi ikalazimika kutoa bunge, na mwaka 1906 Iran ikapata katiba. Mjini Erzurum wananchi waligomea kodi mpya kuanzia 1906. Waliobaki nyuma walianza kujionea haya.

Kwa nini mapinduzi yalitoka Salonica na si Istanbul?

Istanbul ilikuwa na macho mengi mno. Salonica, mji wa bandari ambao leo uko Ugiriki, ulikuwa na Wayahudi wengi, Waislamu, Wagiriki na Wabulgaria, reli ya kwenda Ulaya, mikahawa, na vyama vya udugu wa siri vya Freemason ambavyo vikao vyao polisi hawakuweza kuvivamia. Hapo, mwaka 1906, ofisa wa posta na simu za maandishi (telegrafu) aliyeitwa Talat pamoja na wenzake walianzisha chama kipya cha siri. Mwaka 1907 kikaungana na watu wa Paris.

Jimbo lenyewe, Makedonia, lilikuwa tanuri. Magenge ya Wabulgaria, Wagiriki na Waserbia yalipigana milimani, na Jeshi la Tatu la sultani lilitumwa kuyakimbiza. Maofisa vijana walijifunza mambo mawili huko. La kwanza, jinsi watu wachache wenye silaha, kiapo na milima wanavyoweza kuisumbua serikali. La pili, kwamba maofisa wa kigeni walioletwa kusimamia polisi wa huko walilipwa vizuri na kwa wakati, ilhali wao maofisa wa sultani hawakulipwa.

Aliyejiunga na Kamati alipelekwa usiku akiwa amefungwa kitambaa machoni, akaapa kwa Kurani na bastola. Msaliti adhabu yake ilikuwa kifo. Mwanachama wa kawaida aliwajua wachache tu. Walijipanga hivyo ili wasikamatwe wote kwa jurnal moja, na wakati ule ilikuwa busara.

Mapinduzi yenyewe yalikwendaje?

Haraka kuliko wao wenyewe walivyotegemea. Juni 1908 mfalme wa Uingereza na mfalme wa Urusi walikutana Reval, kwenye Bahari ya Baltiki. Uvumi ukaenea kwamba wamekubaliana kuichukua Makedonia. Tarehe 3 Julai, Niyazi Bey, ofisa wa mji mdogo wa Resne, alichukua silaha na fedha za kambi, akapanda mlimani na watu wapatao 200. Enver, ofisa mwingine kijana, naye akaingia porini.

Sultani akamtuma Şemsi Pasha, jenerali mkali, kuwazima. Tarehe 7 Julai alikuwa mjini Manastır, akatoka ofisi ya telegrafu alikokuwa akiwasiliana na kasri, na luteni mmoja wa Kamati akampiga risasi mbele ya walinzi wake mchana kweupe. Muuaji akaondoka. Walinzi hawakumfuata kwa bidii yoyote, na Istanbul ikaelewa maana yake. Vikosi vilivyoletwa kutoka Anatolia vilifika na kukataa kuwapiga Waislamu wenzao. Waalbania waliokusanyika kwa maelfu Firzovik, huko Kosovo, nao wakapeleka telegrafu kasrini wakidai katiba.

Tarehe 23 Julai Kamati iliitangaza katiba yenyewe huko Manastır, kwa mizinga. Usiku huo sultani akakubali. Asubuhi ya 24 Julai magazeti ya Istanbul yalikuwa na tangazo fupi, kavu, kwamba uchaguzi wa wabunge utafanyika. Watu walilisoma mara mbili tatu wakiogopa kwamba ni mtego. Kisha mji ukafumuka. Mashehe, makasisi na marabi walikumbatiana hadharani, na maneno manne yakawa mdomoni mwa kila mtu: hürriyet, müsavat, uhuvvet, adalet. Uhuru, usawa, udugu, haki.

Mswahili hahitaji mkalimani hapo. Uhuru wetu na hürriyet yao vimetoka kisima kimoja cha Kiarabu, vivyo hivyo usawa na müsavat, uadilifu na adalet, mashauriano na jina la lile gazeti la Meşveret. Gazeti jingine la wapinzani liliitwa Mizan. Weka irabu mwishoni tu.

Ni kweli kulikuwa na mnyama katika mapinduzi haya?

Kweli. Niyazi alipokuwa mlimani aliandamana na ayala, mnyama mfano wa kulungu, yule wa Zaburi anayeionea shauku mito ya maji. Wafuasi wake walimwona kuwa ishara ya heri, na baada ya ushindi picha zake ziliuzwa kwenye postikadi. Ukitaka kujua siku zile zilikuwa na utamu gani, ni hizo: jeshi linamshinda nguvu sultani na watu wananunua picha ya ayala. Niyazi mwenyewe hakufaidi. Aprili 1913 aliuawa kwa risasi Vlorë, Albania.

Wananchi wa kawaida walipata nini?

Kwanza walipata sauti. Magazeti yaliota kama uyoga, na wanawake kama Halide Edib wakaanza kuandika humo. Wafanyakazi wa reli, bandari na viwanda vya tumbaku wakagoma Agosti na Septemba, kwa kuwa uhuru walioutangaziwa waliutafsiri kama ujira bora. Serikali mpya ikatoa haraka sheria ya kuzuia migomo. Dalili ya kwanza, kama ulikuwa unatafuta dalili.

Kisha Oktoba 1908 Bulgaria ikajitangazia uhuru kamili na Austria ikaimeza Bosnia rasmi. Katiba iliyotolewa ili kuzuia dola isimegwe ilikuwa haijatimiza miezi mitatu. Watu wakasusia bidhaa za Austria, na hapo wakagundua kwamba tarbushi walizovaa kichwani, alama yenyewe ya Uuthmaniya, nyingi zilitengenezwa Austria. Wakazivua na kuzichana, wakavaa kofia nyeupe za sufi.

"Tukio la 31 Machi" mbona lilitokea Aprili?

Dola ilitumia kalenda yake ya kifedha, iliyokuwa nyuma siku 13. Kwetu ni 13 Aprili 1909. Wanajeshi wa Istanbul, pamoja na wanafunzi wa dini, waliasi wakidai sheria ya Mwenyezi Mungu. Wengi huliita uasi wa washika dini, lakini hasira zilikuwa nyingi: askari waliopandishwa vyeo bila kupita chuoni walikuwa wanafukuzwa, wanafunzi wa dini walikuwa wanatakiwa wafanye mtihani ili wasiingizwe jeshini, na siku chache kabla yake mhariri wa upinzani, Hasan Fehmi, alikuwa ameuawa kwenye daraja la Galata. Wengi waliamini Kamati ndiyo iliyomuua. Siku hizohizo Waarmenia wa Adana walichinjwa kwa maelfu.

Jeshi likatoka Salonica chini ya Mahmud Şevket Pasha, likaingia mjini tarehe 24 Aprili. Tarehe 27 Abdülhamid akaondolewa kwa fatwa, na kaka yake mdogo Mehmed V akawekwa. Sultani wa zamani alipelekwa kufungiwa Salonica, mji uleule.

Wapenda uhuru waligeukaje kuwa watawala wa mabavu?

Hapa ndipo nina neno langu. Watu hudhani madaraka ndiyo yaliyowaharibu. Mimi naona chama kilibaki vilevile. Kilizaliwa gizani, kikajifunza kiapo, bastola na kutomwamini mtu, na kiliposhinda hakikutoka gizani. Baada ya 1908 Kamati Kuu iliendelea kukaa Salonica, majina ya wajumbe wake hayatangazwi, huku ikiwapangia mawaziri wa Istanbul la kufanya bila yenyewe kujibu swali lolote bungeni. Waandishi waliouawa walifuatana: Ahmed Samim mwaka 1910, Zeki mwaka 1911. Wauaji walitoweka kama yule luteni wa Manastır alivyotoweka.

Desemba 1911 chama kipya cha upinzani, Uhuru na Mapatano, kiliishinda Kamati katika uchaguzi mdogo wa Istanbul kwa kura moja. Kura moja! Kamati ikavunja bunge, na uchaguzi wa 1912 ukaendeshwa kwa namna ambayo Waturuki wanauita hadi leo uchaguzi wa fimbo. Upinzani ukaambulia viti vichache mno. Maofisa waliochukizwa wakaunda kundi lao la siri, kwa mtindo uleule, wakaiangusha serikali.

Halafu Italia ilikuwa tayari imeivamia Libya, na Oktoba 1912 nchi za Balkani zikashambulia kwa pamoja. Katika wiki chache karibu Ulaya yote ya Uthmaniya ilikwenda, Salonica ikiwemo. Tarehe 23 Januari 1913 Enver na Talat waliingia ofisi kuu ya serikali na watu wenye bastola, waziri wa vita akauawa mlangoni, waziri mkuu akatiwa kalamu mkononi ajiuzulu. Tangu hapo waliotawala ni Enver, Talat na mwenzao wa Kamati, Cemal.

Mwaka 1915, katikati ya Vita Vikuu vya Kwanza, serikali yao iliwafukuza na kuwaua Waarmenia. Waliokufa ni mamia ya maelfu, na makadirio mengi yanafika milioni moja au zaidi. Wanahistoria wengi wanaliita tukio hilo mauaji ya kimbari. Serikali ya Uturuki inalikataa jina hilo. Miongoni mwa waliouawa alikuwamo Krikor Zohrab, mbunge Muarmenia wa bunge lile la 1908.

Na wale wanafunzi wanne? Sükuti alifia Italia mwaka 1902, hakuuona ushindi. Temo aligombana na Kamati, akamalizia maisha Romania. Cevdet akawa mkosoaji wao. Reşid, mwanafunzi wa udaktari aliyeapa mwaka 1889 kuleta uhuru, mwaka 1915 alikuwa gavana wa Diyarbekir na msimamizi wa mauaji huko. Alijiua mwaka 1919 alipokaribia kukamatwa.

Mustafa Kemal, ndiye Atatürk, alikuwa wapi muda wote huu?

Alikuwa mwanachama, lakini si mkubwa. Alizaliwa Salonica, na mwaka 1909 alikuwa ofisa katika jeshi lililoandamana kwenda Istanbul. Hakuelewana na Enver. Mwaka 1926, akiwa rais, baadhi ya wakubwa wa zamani wa Kamati walinyongwa kwa tuhuma za njama ya kumuua. Aliwajua vizuri, ndiyo maana aliwaogopa.

Habari hizi ziligusa pwani ya Afrika Mashariki?

Ziligusa, ingawa kwa ncha. Watu wa pwani walimjua sultani wa Stambuli kama khalifa. Sheikh Ahmad bin Sumayt, mzaliwa wa Ngazija na kadhi mashuhuri wa Unguja, alisafiri hadi Istanbul katika miaka ya 1880, akakaa kwa Sayyid Fadl, Mhadhrami aliyekuwa mgeni wa Abdülhamid. Na Novemba 1914, serikali ya Enver ilipotangaza jihadi, Wajerumani waliieneza Tanganyika ili Waislamu wawapinge Waingereza. Ng'ambo ya mkondo, Sayyid Khalifa bin Harub wa Unguja aliwahimiza watu wake wasimame na Uingereza.

Nikienda Istanbul leo, nitaona nini cha mambo haya?

Panda hadi Şişli, kwenye kilima cha mnara wa Abide-i Hürriyet, Ukumbusho wa Uhuru. Ulijengwa kwa ajili ya askari waliokufa Aprili 1909, umbo lake kama mzinga unaoelekea mbinguni. Mahmud Şevket Pasha alizikwa hapo baada ya kuuawa Juni 1913. Talat aliuawa Berlin mwaka 1921 na kijana Muarmenia, mifupa yake ikaletwa mwaka 1943. Midhat Pasha aliletwa kutoka Taif mwaka 1951. Enver, aliyeuawa Asia ya Kati mwaka 1922, alifika mwaka 1996.

Abdülhamid hayupo kilimani. Alirudishwa Istanbul mwaka 1912 kabla Wagiriki hawajaiteka Salonica, akafa Februari 1918, akalazwa mjini karibu na babu yake. Kaburi lake lina wageni wengi zaidi.